Kifurushi cha Python kikigoma kusakinika: tusome kosa kwanza kabla ya kufuta na kuanza upya

Nukta Mkato (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Kuna malalamiko yanayojirudia kila mara kwa sura tofauti: "Mradi huu ulikuwa ukifanya kazi mwaka jana, sijagusa hata mstari mmoja, leo nimeuhamishia kwenye kompyuta nyingine na umegoma." Anayelalamika huwa tayari amefuta Python na kuisakinisha mara mbili, amebandika amri tano alizookota mitandaoni bila kujua kila moja inafanya nini, na kosa la kwanza, ambalo ndilo lililokuwa na maelezo yote, limeshapotea juu ya skrini. Kwa maoni yangu, kusakinisha upya bila kusoma ni kufuta ushahidi kwa mkono wako mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize ni Python ipi inayoendesha programu yako na ni Python ipi inayohudumiwa na pip (chombo cha kusakinisha vifurushi, yaani maktaba za Python) unayoiita. Ni jambo la kawaida kompyuta moja kuwa na Python tatu: iliyokuja na mfumo endeshi, uliyoipakua mwenyewe, na nyingine iliyoingia pamoja na programu uliyosakinisha kwa shughuli tofauti kabisa. Kila moja ina folda yake ya vifurushi, na kilichomo katika folda ya moja hakionekani na nyingine. Amri hizi mbili zinatosha kuondoa utata:

`python -c "import sys; print(sys.executable, sys.version)"`

`pip --version`

Amri ya pili hutaja, mwishoni mwa mstari, toleo la Python ambalo pip hiyo inalisakinishia. Ikiwa amri ya kwanza inasema 3.12 na ya pili inasema 3.9, umeshapata jibu: unapeleka samani nyumba moja na kwenda kulala nyumba nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima nikisakinisha kifurushi kiitwacho requests, pip ikinijibu kila mara "Requirement already satisfied", na programu ikinijibu kila mara "ModuleNotFoundError". Zote mbili zilikuwa zikisema kweli. Tangu siku ile siandiki tena `pip install` peke yake. Huandika `python -m pip install`, kwa sababu hapo pip hulazimika kuihudumia Python ileile niliyoitaja.

Mwenye tatizo la aina hii aliweke hapa, ila tafadhali abandike ujumbe wote wa kosa, si mstari wa mwisho pekee.

Mwanagenzi

Mkuu, ahsante kwa uzi. Mimi nimerithi mradi mdogo wa wavuti uliotengenezwa kwa Flask, maktaba ya kutengenezea programu za wavuti. Faili la mahitaji (orodha ya vifurushi ambavyo mradi unavihitaji) lina mistari minne tu, na wa kwanza ni `Flask==2.2.2`. Nimetumia Python 3.11 ndani ya mazingira pepe mapya (folda iliyotengwa kwa vifurushi vya mradi huu pekee), na amri zako mbili zinakubaliana. Usakinishaji umekamilika bila kosa lolote, lakini nikiwasha programu napata hivi:

`ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'`

Nimesoma mahali kwamba nihakikishe Werkzeug si ya zamani kuliko 2.2.2, kwa hiyo nikaandika `pip install Werkzeug>=2.2.2`. Terminali haikusema neno lolote, ikarudi kimya, nami nikadhani mambo yamekwenda vizuri, lakini kosa liko palepale. Kinachonichanganya ni kwamba aliyeniachia mradi anaapa kwamba kwake unafanya kazi hadi leo, na faili la mahitaji ni lilelile.

Nukta Mkato

Ndugu Mwanagenzi, aliyekuachia mradi hajakudanganya. Mfano wako unafaa sana kwa uzi huu, kwa hiyo nitaomba radhi kwa urefu wa jibu.

Faili lako la mahitaji limetaja Flask, lakini Flask haisimami peke yake. Kazi ya kupokea maombi ya wavuti na kuchambua anwani hufanywa na maktaba nyingine iitwayo Werkzeug, na Flask 2.2.2, iliyotoka mwaka 2022, iliitangaza kwa sharti la chini tu: iwe Werkzeug 2.2.2 au toleo lolote lililo juu yake. Kikomo cha juu hakikuwekwa. Aliyesakinisha mwaka huo alipata Werkzeug ya zama za 2.2, ambayo ndani yake kazi ya `url_quote` ilikuwepo. Tarehe 30 Septemba 2023 ikatoka Werkzeug 3.0, ambayo iliondoa kazi hiyo baada ya kuwa imeshatangazwa kuwa itaondolewa. Leo ukimwambia pip akuletee Flask 2.2.2, anakuletea ileile hasa uliyoomba, kisha anaangalia sharti la Werkzeug, anaona 3 ni kubwa kuliko 2.2.2, na kwa uaminifu wote anakuchukulia iliyo mpya zaidi. Hakuna aliyekosea amri hapo. Faili lako lilifunga toleo la kitu kimoja na kuacha vingine vyote vielee, na kompyuta ya mwenzako ina picha ya jinsi vilivyokuwa siku aliyosakinisha.

Una njia mbili. Ya haraka ni kuweka kikomo:

`python -m pip install "Flask==2.2.2" "Werkzeug<3"`

Ya pili ni kupandisha Flask yenyewe hadi 3.0, iliyotolewa siku moja na Werkzeug 3.0 na ambayo inaelewana nayo, kisha uujaribu mradi wote kuona kama kuna kingine kilichobadilika. Kama mradi unatumika na watu, ningeanza na ya kwanza leo ili kazi iendelee, na ya pili ningeipangia siku yake.

Angalia kwamba nimeviandika vifurushi vyote viwili katika amri moja. Ukivisakinisha kwa amri mbili tofauti, pip kila mara hutatua mahitaji ya amri iliyo mbele yake, na inaweza kuvuruga kilichowekwa na amri iliyotangulia, kisha ikaishia kukuonya tu baada ya mambo kuharibika. Ukimaliza, endesha `python -m pip check`, ambayo hupitia vifurushi vyote vilivyomo na kusema kama kuna kinachodai toleo ambalo halipo. Ila usiitegemee kupita kiasi: katika hali yako ya sasa itakuambia hakuna tatizo, kwa sababu kwenye makaratasi Werkzeug 3 inatimiza sharti la "2.2.2 au zaidi".

Kuhusu ule ukimya wa terminali, nina shaka yangu. Angalia ndani ya folda ya mradi kama kuna faili lenye jina la ajabu, utuambie.

Kishale

Wakuu, mimi langu halifiki hata kwenye kuwasha programu. Ninasakinisha PyYAML 5.4.1 (maktaba ya kusoma mafaili ya YAML) juu ya Python 3.12, toleo nimelifunga kabisa kwa alama mbili za usawa, lakini usakinishaji unakatika katikati kwa kurasa nzima za maandishi zinazoishia na `AttributeError: cython_sources`. Nilidhani tatizo ni Cython, chombo kinachogeuza msimbo wa aina ya Python kuwa C, nikaishusha hadi toleo la zamani, na hakuna kilichobadilika hata chembe. Kama kufunga toleo ndiyo dawa, mbona mimi nimefunga na bado naumwa?

Nukta Mkato

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha tabaka la pili ambalo wengi hawalioni.

Vifurushi hutufikia kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni faili lenye mwisho wa `.whl`, ambalo mtengenezaji ameshalikamilisha kwake, na pip hulifungua na kunakili yaliyomo. Namna ya pili ni msimbo chanzo, ambao lazima ujengwe kwenye kompyuta yako, na ikiwa una sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C basi utahitajika kompaila na vifaa vingine. PyYAML 5.4.1 ilitoka Januari 2021, wakati Python 3.12 ilikuwa haijazaliwa, kwa hiyo faili lililokamilishwa kwa ajili ya 3.12 halipo. Pip inapolikosa, inachukua msimbo chanzo na kujaribu kuujenga.

Ili kuujenga, inasoma orodha ya vifaa vya ujenzi, na orodha hiyo inataja Cython bila kutaja toleo. Julai 2023 ilitoka Cython 3.0, ambayo haielewani na namna PyYAML ya zamani ilivyoandikwa. Tangu mwezi ule, toleo ambalo watu walikuwa wakilisakinisha kwa miaka miwili bila shida likaanza kuwagomea, ingawa lenyewe halikubadilishwa hata herufi moja. Kule kushusha Cython hakukukusaidia kwa sababu pip hujenga kifurushi ndani ya mazingira ya muda yaliyotengwa, inayoyaandaa yenyewe na kuyafuta ikimaliza. Cython uliyoishusha iko kwenye mazingira yako. Inayotumika kujenga imepakuliwa upya pembeni, nawe huioni.

Dawa ni kupanda hadi PyYAML 6.0.1, iliyotolewa mwezi huohuo kwa sababu hiyohiyo. Lakini usome msimbo wako kwanza: kuanzia 6.0, kuita `yaml.load` bila kutaja kipakiaji ni kosa. Mahali pengi utabadilisha kuwa `yaml.safe_load` na mambo yataisha. Kama huruhusiwi kugusa msimbo, basi rudi kwenye Python 3.9, ambayo ina faili lililokamilishwa kwa 5.4.1, na ujenzi hautahitajika kabisa.

Kwa anayetaka kutambua mapema kama atajengewa au ataletewa kilichokwisha kujengwa, aongeze `--only-binary :all:` kwenye amri yake. Pip itakataa msimbo chanzo, na badala ya kurasa za makosa ya kompaila utapata jibu fupi kwamba hakuna kinachofaa.

Mabano

Ndugu mleta mada, naomba uwafafanulie watu na majina ya hayo mafaili, kwa sababu ndipo penye siri ya ule ujumbe wa "No matching distribution found" ambao huwatia watu wazimu. Mtu anakwenda kwenye tovuti ya PyPI, ghala ambamo pip huchukua vifurushi, anakiona kifurushi kwa macho yake, anarudi kwenye terminali, pip inamwambia hakipo.

Nukta Mkato

Ni kweli. Chukua jina hili:

`numpy-1.26.4-cp311-cp311-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl`

Baada ya jina na toleo, `cp311` ya kwanza inasema faili ni la CPython 3.11 (CPython ndiyo Python ya kawaida), ya pili inataja namna sehemu zilizojengwa kwa C zinavyoungana na Python hiyo, na kipande cha mwisho kinasema ni la Linux yenye maktaba ya glibc 2.17 au mpya zaidi, kwenye prosesa ya biti 64 ya aina ya x86. Kompyuta yako isipolingana na hata kimoja kati ya hivyo, pip hulipita faili hilo kana kwamba halipo. Kwa hiyo "hakuna kinacholingana" maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna kinacholingana *nawe*. Kisa maarufu ni cha TensorFlow, maktaba ya kujifunza kwa mashine: toleo la 2.15 liliishia kwenye Python 3.11, na 3.12 ikakubaliwa kuanzia 2.16. Aliyekimbilia Python mpya siku ilipotoka, Oktoba 2023, alikaa miezi akiambiwa TensorFlow haipo. Vilevile mwenye Python ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64 hatafanikiwa, na mwenye kutumia Alpine Linux aelewe kwamba haina glibc bali musl, hivyo mafaili ya `manylinux` si yake. Atafute yaliyoandikwa `musllinux`.

Nami huwa najizuia kutumia toleo jipya kabisa la Python kwa kazi yenye vifurushi vizito vya hesabu, hadi miezi kadhaa ipite. Wanaoniona mwoga wana haki yao.

Jambo dogo la pembeni kabla sijasahau: namba ya toleo si desimali. 3.10 ni kubwa kuliko 3.9, lakini ukiiandika bila alama za nukuu ndani ya faili la YAML, inasomwa kama namba ya kawaida na kugeuka kuwa 3.1. Watu wengi walijikuta wakiomba Python ambayo hawakuikusudia.

Mabano

Sawa kabisa. Hata hivyo, kuna hitimisho moja unalolikwepa. Ikiwa matatizo yote haya yanatokana na matoleo yanayoelea, kwa nini tusifunge kila kitu kwa alama mbili za usawa, kila mahali, mambo yakaisha?

Nukta Mkato

Kwa programu unayoiendesha mwenyewe kwenye seva, nakubaliana nawe bila masharti: funga kila kitu, pamoja na vile ambavyo hukuviomba moja kwa moja. Nakataa pale unapoandika maktaba ambayo wengine wataitumia. Tuseme maktaba yako inadai `requests==2.28.1`, na maktaba ya mwenzako inadai `requests==2.31.0`. Mtu wa tatu anayezihitaji zote mbili hana njia, kwa kuwa mazingira moja ya Python hubeba toleo moja tu la kifurushi. Kabla ya pip 20.3, iliyotoka Novemba 2020, pip ingechukua la kwanza ililokutana nalo na kukuachia balaa la kimyakimya. Tangu hapo hukataa waziwazi na kusema "ResolutionImpossible". Watu walikasirika sana na mabadiliko yale, lakini mimi naona afadhali kukataliwa mlangoni.

Pia kufunga kuna gharama yake. Kifurushi kilichofungwa hakipokei marekebisho ya usalama hadi mtu akifungue kwa hiari. Ninavyofanya mimi ni kuwa na mafaili mawili: moja dogo ninaloliandika kwa mkono, lenye vifurushi ninavyovihitaji na mipaka yake, na jingine refu linalozalishwa na chombo kama pip-tools au uv, lenye kila kifurushi na toleo lake kamili. Lile dogo ni nia yangu, lile refu ni rekodi ya kilichowahi kufanya kazi pamoja. Mradi wa Mwanagenzi ulikuwa na la kwanza tu.

Kishale

PyYAML 6.0.1 imeingia bila kelele, na nimebadilisha mistari mitatu ya `yaml.load`. Nashukuru sana. Nina la mwisho: kwenye seva yenye Debian 12 pip inakataa kusakinisha chochote na kusema "externally-managed-environment", kisha yenyewe inanipa njia ya kuivuka, `--break-system-packages`. Niitumie?

Nukta Mkato

Jina la njia hiyo limeandikwa na watu waliokusudia uogope. Baadhi ya vifaa vya Debian yenyewe vimeandikwa kwa Python na vinategemea vifurushi vilivyowekwa na apt, kisakinishi cha Debian. Ukivibadilisha kwa pip, unaweza kuharibu kifaa cha mfumo ambacho hukujua hata kwamba kipo. Tengeneza mazingira pepe kwa `python3 -m venv mazingira`, yawashe, usakinishe humo. Amri ikilalamika, sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt, kwa kuwa Debian huitenga na Python ya msingi.

Na wanaoona ujumbe wa "A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2.0.0", ambao wamenijaa kwenye ujumbe wa faragha: NumPy, maktaba ya hesabu, katika toleo la 2.0 la Juni 2024 ilibadilisha namna sehemu za C zinavyoungana nayo, kwa hiyo kifurushi kilichojengwa juu ya 1.x lazima kijengwe upya na mwenyewe. Pandisha kifurushi hicho kinachotajwa chini ya ujumbe, na kama hakijapata toleo jipya, weka `"numpy<2"`.

Mwanagenzi

Mkuu, nimerudi. Kwa amri yako ya `"Werkzeug<3"` programu imewaka mara moja. Na kweli, ndani ya folda ya mradi kuna faili linaloitwa `=2.2.2`, lisilo na mwisho wowote. Sikulitengeneza mimi.

Nukta Mkato

Ulilitengeneza wewe, ndugu yangu. Ulipoandika `Werkzeug>=2.2.2` bila alama za nukuu, terminali iliisoma alama ya `>` kama agizo la kuelekeza matokeo kwenye faili, na jina la faili likawa kilichobaki, yaani `=2.2.2`. Pip iliambiwa neno moja tu, Werkzeug, bila sharti lolote, na yote iliyokuwa ikikujibu yakaandikwa humo badala ya kuja kwenye skrini. Ndiyo maana nimekuwa nikizungushia nukuu kila mahali. Hebu lifungue.

Mwanagenzi

Nimelifungua. Mstari wa kwanza unasema "Requirement already satisfied: Werkzeug", ukifuatiwa na njia ya folda ya mazingira yangu, na mwisho wa mstari, ndani ya mabano, kuna 3.0.3. Faili ni la juzi, siku moja kabla sijauliza hapa.